Watu Wanaomjua Mwanangu

Mwanangu alipopotea kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka 4 na miezi kadhaa, na hapa mtaani kwetu, Mtwara mjini, hapakuwa na mtu aliyejua kwamba nina mtoto wa umri huo. Nilikuwa nimemficha. Alishinda uani, nyuma ya uzio wa makuti, na mgeni alipopiga hodi nilimwingiza chumbani nikafunga mlango. Siku hiyo kijana aliyetuletea maji aliacha mlango wa uani wazi. Nilipotoka mbio barabarani, mama muuza vitumbua wa kwenye kona aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mtoto gani, mwanangu?" Nilimweleza fulana aliyovaa, nikamweleza kwamba akiitwa haitiki, na kwamba akishikwa ghafla atapiga mayowe. Alikutwa baada ya saa mbili katika ufukwe wa Shangani, ameketi kwenye mchanga uliolowa akiyatazama maji, ambayo kwa rehema za Mungu yalikuwa yamekupwa. Mvuvi aliyemwona alikaa karibu naye muda wote huo akidhani ni bubu anayemsubiri mtu wake.

Sasa ana miaka 10. Ninawaandikia wazazi wa Mtwara na Lindi walio pale nilipokuwa mimi wakati ule, kwa sababu tangu siku ile nimeamini kwamba ulinzi wa mtoto mwenye usonji kama wangu unaanza na idadi ya watu wanaomjua, na wanaojua la kufanya wakimwona.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana, nayo hujidhihirisha katika namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, katika kurudiarudia mambo na kushikilia ratiba, na katika namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Wapo wanaozungumza vizuri wakafika vyuoni, na wapo ambao huenda wasitamke neno maisha yao yote. Si jambo la juzi, kwani daktari Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 wa namna hiyo huko Marekani mwaka 1943. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Katika Sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6, kwa hiyo kama makadirio hayo yanatuhusu na sisi, mkoa huu peke yake una watu zaidi ya 12,000 wenye usonji. Mimi nimekutana na wachache tu, na ninajua kwa nini, kwa sababu ninaijua nguvu ya uzio wa makuti.

Kabla ya kulisikia neno lenyewe, nilipewa maelezo mengine mengi. Niliambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, nivute subira. Niliambiwa kuna mkono wa mtu, na tukaenda kwa mganga mara mbili, tukarudi na hirizi ambayo mtoto aliikata kwa sababu uzi ulimkera shingoni. Katika kituo kimoja cha afya niliambiwa kwamba ninamdekeza. Sitaki mzazi mwingine apoteze miaka 2 kama nilivyopoteza mimi, hivyo nieleze kilichonisaidia hatimaye. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonyesha. Hutambuliwa na mtaalamu anayemwangalia mtoto kwa muda na kumhoji mzazi kwa kina. Yapo maswali 20 yanayotumika nchi nyingi kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, kama vile iwapo mtoto hunyoosha kidole kukuonyesha kitu kinachomvutia, na iwapo hugeuka anapoitwa jina lake, na majibu yake humsaidia mhudumu kuamua kama mtoto apelekwe mbele. Jambo la kwanza la kuomba hospitalini ni kupimwa masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia naye haitiki. La pili ni kutaja degedege au kuzubaa kwa ghafla kama mmewahi kuona mambo hayo, kwa sababu kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine, nacho kina dawa.

Sisi tulianzia zahanati, tukaandikiwa rufaa, na hatimaye tukasafiri hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, ambao kwa mtoto asiyevumilia mlio wa honi wala harufu ya watu wengi ni mateso ya siku nzima. Daktari aliyetuona alitumia karibu saa nzima na mtoto sakafuni, kisha akaniambia sentensi ambayo sijaisahau: kwamba asilimia kubwa ya atakachojifunza mwanangu atajifunza nyumbani kwangu na mtaani kwangu, na kwamba nikirudi nitafute wazazi wenzangu.

Niliwapata wawili kwa kumwuliza afisa ustawi wa jamii. Leo tuko familia 14, wengine wakitoka Mikindani na Nanyamba, na familia moja huvuka kutoka Lindi inapopata nauli. Hatuna jengo wala jina rasmi; tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi chini ya mwembe wa mwenzetu mmoja, watoto wakiwapo. Muuguzi mstaafu ambaye ni bibi wa mmoja wa watoto ndiye aliyetuletea mpango wa mafunzo ya walezi ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya familia za watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji, ambao una vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na ambao umetungwa ili uweze kuendeshwa na watu wasio mabingwa. Hatukuufuata neno kwa neno, lakini kiini chake tulikishika, nacho ni kumfundisha mtoto ndani ya shughuli za kila siku, wakati wa kuoga, kula, kuvaa na kucheza, badala ya kusubiri chumba cha tiba ambacho hakipo.

Nieleze hilo kwa mfano wa vitumbua, maana hapo ndipo nilipouona ukweli wake kwa macho yangu. Baada ya siku ile ya Shangani nilikwenda kumwomba radhi yule mama muuza vitumbua kwa usumbufu, nikampeleka mtoto amwone. Mtoto alipofika alichomoa kitumbua kwenye sinia bila kumtazama mtu, na asubuhi zilizofuata akafanya vivyo hivyo. Tulipojifunza kikundini namna ya kumpa mtoto nafasi ya kuomba, nilimweleza bibi huyu, naye akalichukua jambo lenyewe kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Alianza kuliweka sinia juu ya mtungi, mahali mkono wa mtoto usipofika, kisha anachukua kitumbua kimoja, anakishika usawa wa uso wake, anakaa kimya. Hakumsemesha, hakumhimiza. Mtoto alilia siku ya kwanza, na siku ya pili akanivuta kanga. Katika wiki ya tatu aliinua mkono, akakunja vidole vyote isipokuwa kimoja, akakielekeza kwenye kitumbua, na kwa nukta moja akamtazama bibi machoni. Bibi akasema, "Kitumbua," akampa papo hapo. Wateja walikuwa wamesimama pale wakisubiri, na hakuna aliyelalamika. Mwanangu hajawahi kunyoosha kidole maishani mwake kabla ya asubuhi ile. Neno lenyewe, "tumbua", lilikuja baada ya miezi 7.

Kwa vijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu tulifanya kazi ya aina nyingine. Tulikwenda wazazi watatu, tukawaonyesha picha za watoto wetu na kuwapa namba zetu za simu, tukawaeleza kwamba mtoto akionekana peke yake asifukuzwe kwa kelele wala asishikwe kwa nyuma, bali mtu amtangulie upande wa bahari au wa barabara kuu na kutupigia simu. Upande wa maji tuliusisitiza sana, kwa sababu watoto wenye usonji wanaotoroka huvutwa na maji mara nyingi, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Wenye visima vya wazi tuliwaendea mmoja mmoja kuwaomba wavifunike. Alipotoka tena mwaka juzi, simu yangu iliita kabla sijamaliza kuzunguka nyumba.

Msimu wa korosho unataka maandalizi ya peke yake, na sijaona mahali pengine panapoelezwa, kwa hiyo nitaeleza. Kuanzia Juni mikorosho hupulizwa salfa, na vumbi lile, ambalo hata mtu mzima humwasha macho, kwa mwanangu ni kama moto. Tumekubaliana kwamba siku za kupuliza mmoja wetu anabaki mjini na watoto wa familia tatu au nne. Kisha Oktoba familia nyingi huhamia shambani kuokota, ratiba ya mtoto inavunjika, usingizi unapotea. Tumejifunza kuhama na vitu vyake vilevile, mkeka uleule, kikombe kilekile, na kumchorea picha za siku itakavyokwenda. Lakini msimu huohuo ndio wenye fedha, kwa hiyo mchango mkubwa wa kikundi tunaukusanya malipo ya mnada yanapoingia, nao ndio unaolipa nauli za kliniki mwaka mzima. Aliyeuza kilo nyingi hutoa zaidi, na asiye na shamba huchangia siku za kulea.

Kuna habari moja niliyolazimika kuisimamia kwa ukali. Mama mmoja alikuja akiwa amekataa kumpeleka kitinda mimba wake kwenye chanjo ya surua, kwa sababu alitumiwa ujumbe wa sauti kwenye simu unaosema chanjo ndiyo inayoleta usonji. Dai hilo lilitokana na andiko la mwaka 1998 la daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, lililohusu watoto 12 tu. Jarida la The Lancet lililolichapisha lililifuta mwaka 2010, na daktari huyo akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa nchi yake. Tafiti zilizofuatilia watoto wengi mno hazikuona uhusiano wowote. Surua inaua. Mtoto yule alichanjwa wiki ileile, shangazi yake akimsindikiza.

Kuhusu shule na serikali nitasema machache. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake, na katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 imetengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Shule ya kwanza niliyoiendea ilinijibu kwamba haina mwalimu wa "watoto hao". Nilirudi na wazazi wengine watano na barua iliyoeleza mahitaji ya kila mtoto kwa aya moja, na mlango ambao ulifungwa mbele ya mama mmoja ulifunguka mbele ya sita. Shule za kawaida zenye kitengo cha elimu maalumu zipo, ingawa hazitoshi, na afisa elimu maalumu wa halmashauri ndiye wa kuulizwa. Wataalamu wa tiba ya matamshi tunawahitaji hapa kusini, na sitaacha kuwadai kwa sababu tu majirani ni wema.

Jando lilitupa mashaka makubwa zaidi. Wajomba walipoanza kuwahesabu wavulana wa kupelekwa likumbi, yaani kambi ya jando, nilijua kwamba ngoma za usiku na kundi la watu zingemvunja mwanangu, na nilijua pia kwamba mvulana asiyepita jando kwetu hubaki mtoto machoni pa watu hata akiota mvi. Kaka yangu ndiye aliyekwenda kwa wazee. Alizungumza nao jioni tatu mfululizo, na mwishowe wakakubali kwamba atahiriwe hospitalini, na kwamba siku ya kutoka kwa wali, yaani wavulana waliopita jando, atoke na wenzake. Alivaa nguo mpya kama wao. Alitembea mwisho wa msafara na mjomba wake, mbali na ngoma, akiwa ameziba masikio kwa viganja, na mzee mmoja alitoka mbele akaja mpaka alipo, akainama na kumtajia jina lake jipya kwa sauti ya chini ili asishtuke.

Kwa mabinti bado hatujapata njia. Usonji kwa wasichana huchelewa kutambuliwa, na binti asiyesema anapovunja ungo huingia katika hatari ambazo kila mama hapa anazijua bila kuambiwa. Anahitaji kufundishwa mwili wake, kukataa kuguswa, na kumwendea mtu fulani akiguswa, na mafundisho hayo kwetu yako mikononi mwa makungwi. Tumemwomba kungwi mmoja mwenye umri mkubwa atusaidie kwa binti wa miaka 12 wa kikundini. Alisema hawezi kumfundisha mtu asiyemjua, akaomba apewe muda. Amekuwa akienda pale nyumbani kila Alhamisi. Binti anapenda kuchambua mchele, punje kwa punje, naye bibi ameleta ungo wake wa pili, anaketi kando yake mkekani na kuchambua pamoja naye. Wiki iliyopita binti alimsogezea bibi punje zake kwa mkono, na mama yake akanipigia simu usiku kunieleza.