Bakuli linakwaruza? Tazama mkono kwanza

Bakuli la tiba ya sauti, lile la metali linalovumishwa ili kumtuliza mtu, likianza kulia kama sufuria inayoburutwa sakafuni, mwenye nalo husema ameuziwa feki. Mara nyingi bakuli halina kosa. Mchi, yaani kijiti cha kulivumisha, unapozungushwa ukingoni hunata kidogo, huteleza, hunata tena, mara nyingi mno kwa sekunde moja, na ukuta wa bakuli hujipinda kama yai, mara upande huu mara ule. Mtetemo ukizidi, ukuta huusukuma mchi nje, nao hurudi ukigonga. Ndiyo hiyo kwaru-kwaru. Punguza mwendo, kandamiza zaidi. Kwa bakuli la upana wa sentimita 20 hivi, mzunguko mmoja uchukue sekunde 2 hadi 3, mchi ukiwa wima, ukiuzungusha kwa mkono mzima kuanzia begani.

Likigoma kabisa kuvuma, angalia vidole: bakuli hukaa juu ya kiganja kilichonyooshwa, na kidole kikigusa ukuta sauti hufa. Ukingo wenye mafuta ufute kwa kitambaa kikavu. Mchi wa mbao tupu huteleza kwenye bakuli kubwa. Uvike ngozi laini.

Wauzaji husema mabakuli ya Nepal yana metali saba, dhahabu ikiwamo. Yakipimwa, yale ya kufuliwa kwa nyundo huwa shaba nyekundu na bati, takriban 78 kwa 22. Bati ndilo huleta ugumu na mvumo mrefu, lakini pia huyafanya yapasuke yakianguka. Nyundo haiachi ukuta sawasawa, kwa hiyo husikika sauti mbili zinazokaribiana, zikipanda na kushuka kama pumzi. Hiyo si kasoro, ndiyo utamu wenyewe. Habari kwamba noti hii ya sauti hutibu moyo na ile figo ni maneno ya dukani.

Kwa kuweka mwilini, chagua bakuli zito lenye kitako bapa. Mtu alale kifudifudi kwenye godoro chini, mto mdogo chini ya vifundo vya miguu, mkanda na funguo pembeni. Anza na nyayo, kisha kiunoni, kisha kati ya mabega. Gonga polepole kwa kirungu chenye kichwa cha sufu, chini kidogo ya ukingo, halafu subiri mvumo ukaribie kuisha ndipo ugonge tena. Hapa ndipo wengi huharibu: hugonga kama wanapiga ngoma, na mwili haupati nafasi ya kutulia. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Kichwani usiweke.

Mwenye betri ya moyo (kifaa kilichopandikizwa kuendesha mapigo), kifafa, damu iliyoganda mguuni au kidonda cha upasuaji, na mjamzito, wasiwekewe kabla daktari hajaruhusu.

Utafiti wa California uliochapishwa 2017, wenye watu 62, ulikuta wasiwasi na uchovu vimepungua baada ya kusikiliza mabakuli. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatujui ni shaba au ni kule kulala tu. Nionavyo, kutuliza linatuliza. Anayeahidi kushusha sukari kwa bakuli mkimbie, na vidonge vya presha viendelee.

Baada ya kugonga mara ya mwisho, ondoa bakuli sauti ikiwa imekwisha, si katikati. Mwache dakika 5 kimya, ageukie ubavu, akae, ndipo asimame. Akiinuka ghafla, kizunguzungu.