Mistari Miwili, Nukta Zile Zile

Juzi binti yangu kaniuliza, "Mama, mtu anapimaje uzito wa kitu asichokiona?" Nikamjibu kwamba tunatazama vinavyoonekana vinakimbiaje. Akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu ya NGC 3198.

Galaksi hiyo nilipewa ya kunolea mikono. Wengi wa fani yetu wameipitia. Data zilikuwa za wimbi la sentimita 21, lile linalotolewa na hidrojeni baridi. Gesi ikija kwetu wimbi hufupika, ikienda zake hurefuka. Hapo ndipo unapoipata kasi. Kisha unaikata galaksi pete pete, kila pete na mwinamo wake, na kompyuta inahangaika. Habari za kusafisha data sitawachosha nazo.

Usiku mmoja mchoro ukatokea. Kasi ilipanda kutoka kitovuni, ikafika kama kilomita 150 kwa sekunde, ikagoma kushuka. Mwanga wa nyota umeshafifia huko nje, kwa hiyo mvutano ungepungua na kasi ishuke, lakini gesi bado inakimbia vilevile! Mchoro wa aina hiyo nilikuwa nimeuona vitabuni, lakini huu ulitoka mikononi mwangu. Nikaukodolea macho nikingoja ushuke, kama anayemngoja mdeni aliyehama mtaa.

Msimamizi wangu akapita, akachungulia.

"Safi. Sasa zipe nyota uzito wote zinaoweza kubeba."

Nikazipa. Maada giza, yaani kile kisichoonekana kinachojaza uzito unaopungua, ikapungua katikati, mstari wa modeli ukapita juu ya nukta za kasi nilizopima.

"Zipunguzie nusu."

Nikapunguza. Maada giza ikanenepa, mstari ukapita palepale.

"Sasa upi wa kweli, Profesa?"

"Gesi haisemi," akajibu, akaenda zake.

Na kweli haisemi. Inakupa jumla ya mvutano, haikwambii nani kachangia kiasi gani. Mwanga wa nyota nao hautoshi, maana nyota ndogo hafifu zina uzito mwingi na nuru kidogo. Mwanaastronomia van Albada na wenzake walikuwa wameshaliandika hilo mwaka 1985, tena kuhusu galaksi hiyohiyo. Wapo pia wanaodai kosa liko kwenye kanuni ya mvutano yenyewe, tangu mwanafizikia Milgrom alipotoa hoja hiyo mwaka 1983. Usiku ule nilikaribia kuwaelewa.

Kwenye tasnifu nikachora yote miwili, mmoja mzima, mwingine wa vidoti. Mtahini akataka kujua kwa nini wa nyota nzito ndio mzima. Nikasema programu ndivyo ilivyouchora. Akaniambia niubadilishe, tuone kama kuna atakayegundua.