Barua ya Kariakoo

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi usiku wa manane, siku nyingine haukurudi kabisa. Nilikuwa nakaa na bibi yangu mzaa mama, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, hapa Dar es Salaam, na miezi hiyohiyo nilikuwa namalizia riwaya yangu ya kwanza. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwa hiyo baada ya isha tulikaa uani, nikawasha chemli, nikamsomea. Yeye alisuka ukili, maana kazi hiyo mikono yake iliifanya bila macho.

Riwaya ilikuwa ya mapenzi ya Salumu, karani wa forodhani, na Mwanaidi, binti wa fundi majahazi. Katikati ya mapenzi hayo niliweka maiti. Tajiri wa mbata, ambaye posa yake kwa Mwanaidi ilikwishapokelewa na wazee, anakutwa amechomwa kisu ghalani wiki moja kabla ya harusi. Ni Machi 1914. Vita vinaingia, kesi inalala. Mwaka 1919, Mjerumani ameshaondoka na Mwingereza ndiye mtawala, mdogo wake marehemu anajitokeza na barua. Tarehe yake ni ya siku ya mauaji, jina chini ni la Salumu, inamwita tajiri wakutane usiku. Salumu anakamatwa.

Utafiti niliufanya kwa moyo wangu wote. Nilijua kwamba fedha ya wakati ule ilikuwa rupia, na kila rupia heller mia moja, ndipo sisi tulipopata neno hela. Shilingi ilikuja 1921. Nilijua kwamba reli kutoka hapa ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwaka huohuo wa 1914. Kila kitu cha kigeni nilikikagua mara mbili. Usiku ule nilisoma nikiwa na uhakika kabisa.

Nikafika kwenye barua. "Njoo peke yako baada ya isha. Nitakungoja Kariakoo, penye minazi mitatu."

Vidole vya bibi vikasimama. Naviona mpaka leo: kidole gumba kimebana miyaa, ncha moja imebaki hewani.

"Rudia hapo, mume wangu."

Nikarudia.

"Mwaka gani huo?"

"Elfu moja mia tisa na kumi na nne, bibi."

Akanyamaza kidogo. "Mwaka huo hapakuwa na Kariakoo. Hapa palikuwa shamba la minazi. Kariakoo wameileta wakina baba."

Babu yake mama yangu, yaani baba yake bibi, nilikuwa najua juujuu tu kwamba alikwenda vitani. Usiku ule ndio nilisimuliwa sawasawa. Waingereza walipoingia Dar es Salaam, Septemba 1916, wapagazi wao walipiga kambi huku, na kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka walivyolisikia, na jina likabaki hapahapa. Baba yake alibeba masanduku ya risasi hadi ng'ambo ya Rufiji. Alirudi na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na hivyo ndivyo bibi alivyomjua tangu anapata akili: akivaa kanzu, upande mmoja unaburuza chini. Aliposema hivyo aliinua mkono akajigusa bega lake mwenyewe.

Mimi pale Posta, kwenye ile sanamu ya Askari ya 1927, nimepita maisha yangu yote. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilikwishayasoma, tena zaidi ya mara moja. Na jina walilotuachia nalitaja kila siku kwa kondakta wa daladala, sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku lilianza.

Niliona aibu, na uchungu pia, kwa sababu bibi alikuwa ameisikiliza riwaya ile usiku baada ya usiku kama anayesikiliza habari za watu anaowajua. Nikamwambia nitalifuta, nitaandika Gerezani au pengine popote.

"Kwa nini ufute?" Akaanza tena kusuka, taratibu. "Barua ya kumi na nne imetaja Kariakoo. Basi huyo Salumu wako hakuiandika. Imeandikwa nyuma, watu walipokwisha kulizoea jina. Nani kaileta?"

"Mdogo wake marehemu."

"Basi."

Hapo inabidi niseme rasimu yangu ilikuwaje. Nilikuwa nimeshindwa kumpata muuaji kwa njia ya haki, kwa hiyo yule mdogo mtu nilimfanya aangue kilio mahakamani na kukiri mwenyewe. Bibi nilishamsomea mwisho huo mapema, akaniambia hajapata kuona mwuaji wa namna hiyo. Kumbe ushahidi ulikuwa ukurasa wa mia na kumi na mbili, nimeuandika kwa mkono wangu bila kuuona. Ndugu aliyetaka ghala la kaka yake, miaka mitano baadaye, anaghushi barua, na anataja mahali kwa jina la wakati wake.

Nikachukua penseli palepale. Neno Kariakoo nikaliacha. Sahihi ya Salumu nikaizungushia duara, pembeni nikaandika: si mwandiko wake, Mwanaidi atautambua.

"Umeandika nini?" bibi akauliza.

Nikamsomea. Akavuta ukili, akaupima kwa dhiraa, akasema, "Mwanaidi asichelewe lakini. Mwenzake yuko ndani." Chemli ilikuwa inakaribia kuishiwa mafuta. Nikapunguza utambi, nikageuza karatasi upande wa nyuma, nikaanza kuandika upya sura ya mahakama, nikimsomea kila sentensi inapokamilika.