Siwezi Kushuka
Tafakari ya wiki: Nehemia 6:1–15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi mnajua nina kibanda cha uwakala Mbagala, jirani na Rangi Tatu. Kazi yangu yote iko kwenye simu, kwa hiyo mtu akiniambia niweke simu mbali nifanye kazi, ni kama ananiambia nifunge kibanda.

Mwezi uliopita, Ijumaa jioni, saa ile watu wanashuka kwenye daladala na foleni inafika hadi barabarani, alikuja mzee mmoja ameshika kikaratasi. Mjukuu wake anasoma Songea, shule imefunga, anatakiwa apande basi alfajiri. Nimtumie shilingi 85,000. Nikaandika namba kwenye daftari, nikaanza kubonyeza kwenye kiswaswadu cha kazi. Mara simu kubwa ikalia. Ni kundi letu la maombi, ndugu ametuma ushuhuda. Nikaupitia haraka, nikaandika Amina, nikarudi kwenye muamala. Jina la mpokeaji likatokea kwenye kioo kama linavyotokea siku zote. Sikulisoma. Nikaweka namba ya siri.

Baada ya robo saa mzee akarudi. "Mwanangu, mtoto anasema haijaingia."

Kwenye daftari namba iliishia na 63. Mimi nilikuwa nimebonyeza 36. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa aliyepokea ameshazitoa. Nikamtumia mjukuu nauli nyingine kutoka kwenye mtaji wangu, na ilikuwa haki yake. Usingizi niliukosa kwa jinsi mzee yule alivyosimama pembeni muda wote huo, kikaratasi kakishika kwa mikono miwili, anakisoma na kukirudia, akidhani labda yeye ndiye aliyekosea kuandika.

Usiku ule nilifungua Nehemia.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, akaomba ruhusa aende kuujenga mji wa baba zake, Yerusalemu. Tukifika sura ya 6 ukuta umesimama, hauna palipobomoka, imebaki kutia milango kwenye malango. Ni wakati huo Sanbalati na Geshemu, maadui wa kazi hiyo, wanampelekea ujumbe: njoo tukutane katika kijiji kimojawapo kwenye nchi tambarare ya Ono. Mwaliko wa adabu kabisa. Hauna tusi, hauna neno ambalo ungesimama kulikemea. Nehemia aliyatambua mabaya waliyomkusudia, akawajibu kwamba anafanya kazi kubwa, hawezi kushuka.

Hilo neno kushuka nimekaa nalo sana. Yerusalemu iko milimani, na Ono iko kwenye tambarare, upande wa Lodi, kuelekea bahari. Si mahali pa kwenda asubuhi ukarudi kabla ya chakula cha mchana. Ukishuka, utapanda tena, na kupanda kuna gharama yake. Kuutazama ule ushuhuda kulinichukua sekunde chache, lakini mimi mwenyewe nilichelewa kurudi. Vidole vilikuwa kwenye tarakimu, moyo umebaki kwa yule ndugu na muujiza wake. Mzee alikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa Ono.

Walimwita mara nne, akawajibu mara nne kwa maneno yale yale. Sisi mara ya kwanza tunajizuia, ya pili tunajizuia, ya tatu tunasema ngoja nione tu. Mara ya tano ikaja barua iliyo wazi, isiyofungwa: habari imeenea kati ya mataifa kwamba Wayahudi wanakusudia kuasi, na Gashmu, yaani yule yule Geshemu, ndiye asemaye. Barua za namna hii tunazijua. Zinaingia kwenye kila kundi tulilomo, zimeshapita mikononi mwa watu wengi, na Gashmu mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Nehemia akajibu kwa ufupi kwamba hakuna jambo kama hilo, kisha akamwomba Mungu amtie nguvu mikono. Naipenda sana sala hiyo. Ameomba mikono, kwa sababu maadui walitaka ilegee, kazi isifanyike. Ukuta ulikamilika siku ya 25 ya Eluli, mwezi wa Kiyahudi, kwa siku 52. Angeitikia miito yote mitano, sijui hiyo milango ingetiwa lini.

Paulo anawaonya Waefeso juu ya utumwa wa macho, yaani kufanya kazi ili uonekane. Siku hizi utumwa huo umekuwa mwepisi mno: bosi akipita anakukuta mezani, kumbe umeondoka tangu saa tatu. Nesi na sindano yake, karani na faili lake, dereva wa bajaji pale taa za Tazara, kila mmoja ana mtu ambaye akili yake ikishuka, huyo mtu ndiye anayeumia.

Najua mtu atanikumbusha Mariamu, aliyeiacha kazi akaketi miguuni pa Yesu. Nimeliwaza hilo pia. Mariamu alikuwa na mgeni mbele yake, akampa masikio yote. Neno la Mungu ni jema saa zote, ila neno hilo hilo limeniagiza kwamba lolote nifanyalo nilifanye kwa moyo, kama kwa Bwana. Mzee wa kikaratasi alistahili moyo wangu kwa hizo dakika mbili.

Kwa hiyo, wapendwa, msione nimepoa kiroho. Simu kubwa sasa inakaa kwenye mkoba, imezimwa data, mpaka saa saba mchana, halafu tena mpaka nifunge kibanda. Mwenye dharura anipigie kwenye hicho kiswaswadu, nitapokea. Na ninaomba kundi letu tufikirie kutuma shuhuda jioni, watu wakiwa wametoka kazini, tuzisome tumetulia na tumshukuru Mungu kwa nafasi.

Jumanne yule mzee alikuja tena. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kikaratasi. Nikaibonyeza namba huku nikiitamka, tarakimu moja moja, naye anafuatisha kwa kichwa. Jina likatokea. Nikamsomea kwa sauti, majina yote matatu.

"Ndiye huyo, mwanangu," akasema. "Tuma."