Niko nafuata mtoto wa cahow toka hapa Bukavu

Tangu mwezi wa kwanza niko nafuata ndege mmoja wa baharini anaitwa cahow, anazaa Bermuda tu, visiwa vya bahari ya Atlantiki, hakuna kwingine duniani. Kwenye kisiwa cha Nonsuch waliweka kamera ndani kabisa ya shimo lake, mule mna giza totoro lakini kamera ina mwanga ambao ndege haoni, watu wa Cornell Lab, kituo cha kuchunguza ndege cha chuo kikuu kimoja cha Marekani, wanasaidia kurusha picha laivu, basi mtu akiwa hapa Kadutu na mega kidogo kwenye simu anaona yai linavyolaliwa.

Na yai lenyewe ni moja tu kwa mwaka! Likiharibika ni kungoja mwaka mwingine. Baba na mama wanapokezana kulilalia zaidi ya siku 50, mmoja anakaa pale bila kula siku nyingi, mwenzake yuko mbali huko baharini anatafuta ngisi na samaki.

Kule ikiwa usiku wa manane huku kwetu kunapambazuka, njo maana mimi kabla hata ya kuwasha makala nafungua simu kwanza, juu wazazi wanaingia usiku tu. Mdogo wangu naye anakuja kuuliza, "Yaya, mutoto alilala njaa tena?" Kweli kuna siku zinapita mzazi haji, kifaranga yuko peke yake, manyoya ya kijivu yamefura mpaka huoni miguu, anavutavuta majani, analala. Roho inakuuma. Halafu mzazi anaingia ghafla, anamtapikia chakula mdomoni, anaondoka tena, na sisi wawili tunapiga makofi nyumba nzima inaamka.

Lakini kitu kinanigusa zaidi ni hilo shimo, juu lilichongwa na watu. Zaidi ya miaka 300 cahow alihesabiwa kama ameshaisha kabisa, nguruwe na panya walioletwa na meli, pamoja na wazungu wenye njaa, walimmaliza. Mwaka 1951 wakamkuta kwenye vijisiwa vya mawe, na kati ya wale waliomkuta kulikuwa kijana wa miaka 15, David Wingate. Kijana huyo njo alikuja kutoa maisha yake yote kwa ndege huyu. Kulikuwa kumebaki jozi 18 tu, na mashimo machache waliyokuwa nayo yalikuwa yananyang'anywa na ndege mwingine mwenye mkia mrefu mweupe, anaua vifaranga. Wingate akaweka kibao mlangoni chenye tundu la kipimo cha cahow, yule mwingine hapiti. Kibao tu! Halafu akawajengea mashimo mengine ya saruji, akapanda miti ya asili pale Nonsuch kisiwa kizima.

Mwaka 2003 kimbunga Fabian kikavunja vile vijisiwa vya chini, ikaonekana wazi kwamba lazima wahamie juu. Jeremy Madeiros, mtaalamu wa kulinda viumbe kule Bermuda, kuanzia 2004 akawa anabeba vifaranga kabla hawajatoka nje kwa mara ya kwanza, anawapeleka Nonsuch, anawalisha kwa mkono, juu cahow anashika kama kwao pale alipotokea shimoni na kuona anga. Wakaenda baharini, wakarudi palepale, na 2009 kifaranga wa kwanza akaanguliwa Nonsuch. Leo jozi zimepita 130. Huku tumezoea kufikiri kulinda wanyama ni gorila wa Kahuzi-Biega na walinzi wenye bunduki, kumbe kuna kulinda kwa kibao na saruji na mtu mmoja asiyechoka.

Sasa kifaranga wetu amenenepa kupita wazazi wake, manyoya ya utoto yanadondoka, mabawa yanaanza kuonekana. Karibuni wazazi wataacha kuja. Atakuwa anatoka usiku kupiga mabawa, anarudi ndani, mpaka usiku mmoja mwisho wa mwezi wa tano au mwanzo wa sita aruke peke yake, hakuna wa kumwonyesha njia, akae baharini miaka kadhaa kabla ya kukanyaga nchi kavu tena. Mtu anayetaka kufuata msimu ujao aanze mwezi wa kwanza, yai likitagwa, na mega anunue za usiku, ni bei nafuu.