Kipini cha Mama

Juzi binti yangu aliifumua ile redio mbovu ya barazani, akatoa sumaku ya spika, akaenda kuichezea juu ya kopo la nyuzi la marehemu bibi yake. Sindano zikarukia, zikasimama wima kama manyoya ya paka aliyeogopa. Akaniuliza, "Mama, mwalimu kasema damu ina chuma. Mbona sumaku hainivuti kidole?"

Nikakaa chini. Swali hilo hilo bibi yake aliliuliza mwaka 2017, Dar es Salaam, kwenye kichumba cha kubadilishia nguo, muda mfupi kabla sijamshika pua.

Ya kabla ya hapo ni mafupi. Alikuwa nyumbani Ngamiani, Tanga, akidarizi kofia, sindano ikamponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayasikiki. Haikufika nusu saa akarudi kama kawaida, akaitaka chai yake. Kaka akasema ni upepo. Daktari akasema ni presha, na kwamba lazima ionekane mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Kumdunga gadolini, ile dawa ya kung'arisha damu kwenye picha, hakutaka, maana figo zilikuwa zimechoka sana. Ipo namna ya kuipiga picha mishipa kwa MRI, mashine ya sumaku kubwa, bila dawa na bila eksirei. Alfajiri tukapanda basi Kange kwenda Dar es Salaam. Muheza nikamnunulia machungwa, hakumenya hata moja.

Mtaalamu wa mashine alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo bibi. Vyuma vyote tuviache hapa." Zikatoka bangili, hereni, pini za mtandio. Akafika kwenye kipini.

"Hiki hapana," Mama akasema.

Kilikuwa kiua kidogo cha dhahabu, alichovishwa na baba wiki ya harusi yao. Tangu tuko wadogo tulizoea kumsikia: hiki watakivua waosha maiti.

Kijana hakumfokea, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamweleza. Dhahabu yenyewe haivutwi, lakini hakuna anayejua sonara alichanganya nini, na madini yakikaa usoni picha inapinda hapo hapo. Sumaku ya ndani ni ya Tesla 1.5, kwa kipimo cha nguvu za sumaku, zaidi ya mara 20,000 ya nguvu ile inayogeuza dira za manahodha, na haizimwi hata usiku. Ndipo Mama akauliza, "Na damu yangu? Si ina chuma? Si itatoka yote?" Akamwambia chuma cha damu kimefungwa ndani ya hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, hakivutwi kama msumari. Mashine inasikiliza maji yaliyomo mwilini.

Mama akanigeukia. "Haya. Kivue wewe."

Kilikuwa na skrubu kwa ndani, nayo ilikuwa imeshikana na miaka. Nikachukua kichupa chake cha mafuta ya nazi mkobani, nikapaka kwa kidole kidogo, nikasubiri, nikapaka tena. Sikuwahi kuutazama uso wa mama yangu kwa karibu vile. Niliona vinyweleo vyeupe juu ya mdomo, kovu la tetekuwanga kwenye nyusi, na pumzi zake zikawa zinapiga kwenye kiwiko cha mkono wangu, moto, za harakaharaka. Machozi yalimtoka jicho moja tu, la upande wa kipini. Nilipozungusha mara ya tano au ya sita kikaachia. Chini yake palibaki duara jeupe, ngozi ambayo haikuona jua tangu siku za ubibi harusi.

"Basi umeshaniosha nusu," akasema. Kisha akanyoosha mikono nimvishe gauni la hospitali. Lilikuwa jeupe.

Nikasimama nyuma ya kioo. Mashine iligonga kama mafundi bati kumi. Kijana akawa ananieleza huku akiangalia skrini: nyama za kichwa zinapigwa mawimbi ya redio mfululizo mpaka zinachoka, hazijibu tena, zinabaki giza. Damu inayoingia wakati huo kutoka moyoni haijapigwa, ina nguvu mpya, ndiyo inayojibu. Kwa hiyo kinachong'aa ni kile kinachotembea.

Picha ikatokea. Hapakuwa na pua, wala macho, wala mdomo niliotoka kuutazama. Palikuwa na damu yake tu, imejigawa matawi kama mizizi ya mikoko maji yakipwa. Nikaweka kiganja kwenye kioo.

Palikuwa na mahali pamefifia, kwenye kona, pale mshipa mkubwa unapojipinda kuingia ubongoni. Daktari akasema huenda mshipa umebana. Huenda pia damu inazunguka tu pale konani na kupoteza mng'ao, maana picha za namna hii hukuza ubanaji. Akampa asprini na dawa za presha, akatwambia turudi kupima tena. Hatukurudi, Mama hakutaka. Aliishi miaka sita zaidi, akidarizi.

Kipini nilikuwa nimekifunga kwenye leso. Ndani ya basi nikakitoa nimrudishie, akanifunga vidole. "Kiweke." Sikumuuliza sababu. Tundu likaziba taratibu, na kila Idi nikaona pua yake tupu.

Siku tulipomwosha kweli, shangazi wa Makorora aliinamia uso wake, akauliza, "Kipini chake kiko wapi?" Nikamwambia nilishakivua mimi. Akanitazama, akaendelea kumimina maji.

Juzi binti yangu alikifukua chini ya kopo, kingali kwenye leso. Akakisogezea sumaku, polepole, akiwa amezuia pumzi. Sindano zikajigeuza upande wa sumaku. Kiua hakikutikisika, wala skrubu yake.

"Hiki hakivutwi, Mama."

"Hakivutwi," nikasema, nikamfungulia kiganja akirudishe.