Siku zangu Penang, kule kasiterite yetu inaendaka

Hapa Goma ukiambia watu umetoka Malaysia wanakuuliza kitu moja tu, ulileta nini? Juu kwetu mtu akienda Asia anaenda Dubai ama Guangzhou kuchukua bidhaa, nguo, telefone, vipuri vya pikipiki, anarudi na mabalo. Mie sikuleta bidhaa. Nilikuwa na formasio ya kazi Kuala Lumpur, ikaisha, ndege ya kurudi ilikuwa bado, nikajiambia hizi siku sitazimaliza ndani ya hoteli naangalia televisheni, nitapanda treni niende Penang, kisiwa cha Malaysia, peke yangu, na nikaenda.

Kwa nini Penang? Baba mdogo wangu alifanya miaka mingi kwenye depo za kasiterite, yale mawe yenye yanatoa bati, hapa mjini, zile za kununua madini yenye inatoka Walikale, na tangu tuko watoto alikuwa anatajataja hilo jina, mzigo umetoka, unashuka bandarini, unapanda meli, unaenda Penang. Kwetu sisi watoto Penang ilikuwa fasi vitu vinaendaka na havirudi. Nilipomwambia kwenye simu niko njiani kwenda kule alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, angalia vizuri, utatuambia wanafanyaka nini na mawe yetu."

Treni inatoka Kuala Lumpur Sentral hadi Butterworth, karibu masaa ine, na ndani ni baridi sana, beba kitenge cha kujifunika. Dirishani ni mingazi tu, bilanga na bilanga ya mingazi mpaka unachoka, kisha karibu na Ipoh milima ya mawe ya chokaa inasimama wima kama vile mtu aliipanga, na mbele kidogo unapita Taiping. Usilale ukipita Taiping. Zamani fasi ile iliitwa Larut, na kule njo walivumbua bati kwa wingi miaka ya 1840, Wachina maelfu wakaletwa kuchimba, na matajiri wenye walikuwa wanatoa makuta, pesa, ya kuchimba walikuwa wamekaa Penang. Kwa hiyo kabla ya Walikale kulikuwa Larut. George Town, mji mkubwa wa Penang, zile nyumba nzuri watalii wanapigia foto, sehemu kubwa imejengwa na makuta ya bati.

Butterworth ni upande wa bara, na George Town iko kwenye kisiwa, mnavuka na feri dakika kama kumi na tano. Upande ule wa bara njo kuna kile kiwanda cha kuyeyusha bati, kimefanya kazi tangu mwanzo wa karne ya 20, na kasiterite ya Kongo imefika kule kweli, si hadithi ya baba mdogo. Baadaye kazi wakaanza kuihamishia karibu na Port Klang. Nilisimama nyuma ya feri nikaangalia ule upande mpaka tukafika, na nilijisikia uchungu, sitaficha, juu nilifikiria vijana wenye walikuwa wanabeba magunia mgongoni wanapita porini kutoka mgodi wa Bisie, kule Walikale.

Lakini nilienda kuona mji, na mji ule ulinishika.

Kuna barabara moja inaitwa Jalan Masjid Kapitan Keling, zamani Waingereza waliiita Pitt Street. Unaitembea kwa mguu polepole. Unaanza na kanisa la Anglikana la St George's, nyeupe, nguzo kubwa mbele, la mwaka 1818. Unapiga hatua kidogo unakuta hekalu la Kuan Yin la Wachina, moshi wa udi unatoka mpaka barabarani, wamama wazee wameshika vijiti kwa mikono miwili wanainama, na inje pale watu wanauza maua na njiwa wanatembea katikati ya miguu yenu. Karibu yake nyuma kidogo kuna hekalu la Wahindu la Sri Mahamariamman, la 1833, juu ya mlango ni mnara wa masanamu ya rangi zote. Halafu msikiti wa Kapitan Keling, wa 1801, wenye ulijengwa na Waislamu wenye walitoka India. Yote hiyo ni barabara moja! Adhana ya mchana ilinikuta mlangoni pa hekalu la Wachina, kengele iko inalia ndani, msikiti unaita, na kule Little India upande wa pili butiki moja imefungulia muziki ya Kitamil kwa nguvu zote, na hakuna mtu hata moja aliyekunja uso. Msikitini wageni wanaingia, walinipa vazi refu la kujifunika, mzee mmoja akanionyesha ndani, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kongo, akasema mbali sana, karibu.

Nilibaki kwenye ile barabara karibu siku nzima, na kesho yake nikarudi tena. Mie ni mtu wa Goma. Kwetu mtu akisema jina lake la ukoo tu watu wameshaanza kuhesabu ni wa wapi, baba ni wa wapi, aliingia mwaka gani. Nimekulia ndani ya hiyo na nimechoka nayo, nasema wazi.

Sasa msifikirie kwamba watu wa Penang walizaliwa malaika. Hii njo sehemu nilitaka kuandika zaidi, juu watalii wengi wanapiga foto ya hekalu na msikiti wanaondoka. Mwaka 1867, mwezi wa munane, George Town iliwaka. Walipigana karibu siku kumi barabarani, bunduki, mizinga, nyumba zikachomwa. Na angalieni vile walipangana: kulikuwa vyama viwili vya siri vya Wachina, Ghee Hin na Toh Peh Kong, na kulikuwa vyama viwili vya Waislamu, Bendera Nyeupe na Bendera Nyekundu. Ghee Hin akaungana na Bendera Nyeupe, Toh Peh Kong akaungana na Bendera Nyekundu. Munaona? Haikuwa Wachina kupiga Waislamu. Kila upande ulikuwa na Wachina na Waislamu ndani. Chini ya yote ilikuwa ni makuta, nani atashika migodi ya bati kule Larut, nani atashika biashara ya kasumba. Na kule Larut kwenyewe walipigana tangu 1861 mpaka 1874, mpaka Waingereza wakaingia na mkataba wa Pangkor, wakatumia hiyo vita kama mlango wa kutawala.

Nilisoma hiyo habari nikiwa nimeketi ndani ya uwanja wa Khoo Kongsi, nyumba ya ukoo wa Khoo, ukoo ambao mkubwa wao wakati ule alikuwa njo kiongozi wa Toh Peh Kong. Kuingia mle unapita kwenye kinjia chembamba, ndani kunafunguka uwanja wa mawe, nyumba zimezunguka pande zote, unaelewa mara moja kwamba hawakujenga vile kwa uzuri tu, walijenga kujilinda. Hekalu la katikati lilimalizika 1906, juu ya paa kuna mazimwi na ndege na maua ya vigae vidogo vilivyokatwa kimoja kimoja, unaweza kuangalia saa nzima na bado kuna kitu hujaona. Mtoto mdogo alikuwa anakimbiakimbia pale anacheka. Mie nilikuwa nawaza bati, bunduki, makundi yenye majina, watu wenye wanachochea wakiwa mbali. Hakuna kitu pale ambacho sikukijua. Tofauti ni kwamba wao waliacha, na wana wao wanauza juisi kwenye barabara ileile.

Na hata hivyo haijaisha yote. Kuala Lumpur ilimwaga damu tarehe 13 Mei 1969 kati ya Wamalay na Wachina, na mpaka leo ukiongea na watu vizuri wanakuambia kuna nafasi za kazi na masomo zenye Wamalay wanatangulizwa na wengine wanalalamika. Wanalalamika, lakini wanapiga kura na wanaendelea kupika.

Kupika! Penang bila chakula ni bure. Chakula changu cha kwanza kilikuwa nasi kandar, wali na mchuzi wa Waislamu wa Kitamil. Zamani wauzaji walikuwa wanatembea na mti begani, wali upande mmoja, mchuzi upande mwingine, wanalisha wafanyakazi wa bandari. Sasa ni restora, unasimama kwa mstari, kijana anakamata sahani, anaweka wali, unaonyesha kidole, samaki, kuku, bamia, kisha anachota mchuzi wa sufuria hii, anamwaga, wa sufuria ile, anamwaga, wa ingine tena, mpaka wali unazama na michuzi imechanganyika huwezi kujua pilipili inatoka wapi. Kwenye meza yangu kulikuwa mama Mmalay na hijabu yake anakula na mkono, mzee Mchina anakula na kijiko na uma, vijana wawili wa Kihindi, na mie. Nikakula na mkono, mama akaniangalia akatabasamu, akanisogezea tango.

Lakini si kila meza. Kule Wachina wanapikia na mafuta ya nguruwe Waislamu hawakai, na Wahindu wengi hawagusi ng'ombe, kila mtu anajua mpaka wake na hakuna mwenye anaulizwa. Hiyo ilinigusa zaidi kuliko wangekuwa wanakula sahani moja. Usiku mtaa wa Chulia nilipanga mstari kwa mama mmoja Mchina mwenye anakaanga char kway teow, tambi pana za mchele na kamba wadogo, yai, chipukizi za choroko, sosi nyeusi. Sahani moja moja. Anarusha tambi, moto unapanda mpaka karibu na nyusi zake, anavunja yai na mkono mmoja, haangalii, anapigapiga kikaango mara mbili, anamimina, "next!" Asam laksa nayo ni supu ya samaki na ukwaju, nanasi na minanaa ndani, sisi watu wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, tutaielewa haraka.

Kuna kartye ya Wachina imejengwa juu ya maji, Chew Jetty, nyumba za mbao juu ya miti, kila gati ni ukoo mmoja, njia ya mbao katikati inalia ukikanyaga. Watalii ni wengi kupita kiasi asubuhi, wenyeji wameweka vibao vya kuomba watu wasipige foto ndani ya nyumba zao na watu wanapiga tu. Enda jioni na uheshimu.

Sasa swali lenye dada zangu wananiuliza, mwanamke peke yake, mweusi, ilikuwaje? Usiku nilitembea bila woga kwenye barabara kubwa zenye watu. Watu waliniangalia, ndiyo, watoto hasa, na wengi walidhani mie ni Mnigeria. Nyumba moja ya wageni iliniambia imejaa, na dakika chache baadaye wazungu wawili wakapewa ufunguo mbele yangu. Iliniuma. Nilivuka barabara, mama Mhindi mwenye nyumba ingine akanipa chumba chenye feni na akaniuliza kama nimekula. Kwa hiyo mji wa mataifa mingi bado unachaguachagua nani anahesabiwa, na hata wale wanaofanya kazi nzito pale, Wabangladesh kwenye ujenzi, Wanepali kwenye ulinzi, hutawaona kwenye foto za utalii. Ongea nao, wanapenda kuongea, mlinzi mmoja Mnepali alinielekeza mji mzima kuliko karte yangu.

Siku ya mwisho sikupanda Penang Hill, mvua ilikuwa kubwa. Nikaenda Lorong Burma, kule hekalu la Wathai na hekalu la Waburma yametazamana, barabara ndogo tu katikati. Lile la Wathai lina sanamu ya Buddha amelala, mita 33, ya rangi ya dhahabu. Ukivua viatu vya hekalu moja unavaa, unavuka, unavua tena.

Kama uko unapanga kwenda: kutoka hapa njia rahisi ni Kigali, Doha, Kuala Lumpur. Viza anza mapema sana, makaratasi yetu wanayaangalia mara mbili mbili. Ndani ya George Town wakati wangu kulikuwa basi ya bure inaitwa CAT inazunguka katikati ya mji, itumie jua likiwa kali. Beba viatu vya kuvua haraka. Lala ndani ya mji wa zamani, usilale kwenye mahoteli ya ufukweni Batu Ferringhi, utapoteza masaa kwenye ambutiyaji, magari yamejazana barabarani. Na Melaka, ule mji mwingine wenye UNESCO iliuandika kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na George Town mwaka 2008, sikufika, kama kuna ndugu wa Goma ama Bukavu mwenye alifika kule aniambie kama chakula chao kinashinda cha Penang, mie siamini.